Hendrix, Clapton na Deni la Bluzi

Wanaonifahamu kwa hoja za katiba, bajeti na uchaguzi hushangaa wanapogundua kwamba usiku mwingi mimi huutumia kuwasikiliza wapiga gitaa wa roki wa Uingereza na Marekani, ambao baadhi yao ni wazee sasa na wengine walikwisha kufa zamani. Mwenzangu mmoja wa idara jirani aliwahi kuniambia kwamba hizo ni kelele zisizomstahili mtu mwenye udaktari wa falsafa. Sikumjibu siku ile. Ninamjibu leo, na jibu langu halina budi kufika kwenye siasa, kwa kuwa huko ndiko gitaa la umeme lilikonifikisha mimi mwenyewe.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza nani bora kuliko wote. Swali hilo lina soko kubwa. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliwapanga wapiga gitaa 100 mwaka 2003, likawapanga upya mwaka 2011, na mara zote mbili likamweka Jimi Hendrix nafasi ya kwanza. Sina ugomvi na nafasi hiyo. Ninachokitilia shaka ni kuwapanga wanamuziki foleni kama wanariadha waliokwisha kukata utepe. Tungekuwa tunapima kasi, kazi ingekuwa nyepesi: tungemchukua Eddie Van Halen, ambaye mwaka 1978 alitoa kipande kiitwacho Eruption, kisichofika hata dakika mbili, akizigonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa hadi msikilizaji akadhani wanapiga watu watatu. Vijana wa dunia nzima wakajifungia vyumbani kumwiga. Wengi waliipata kasi yake, na majina yao hatuyajui.

Mimi husikiliza jambo lingine. Husikiliza jinsi noti moja inavyozaliwa, inavyodumu na inavyokufa mikononi mwa mtu. Gitaa lina nyuzi sita tu, na noti zilezile ziko mahali palepale kwa kila anayelishika. Mpe watu kumi gitaa moja, spika moja na noti moja, utasikia watu kumi. Hapo ndipo ulinganisho wa mitindo unapoanza, na hapo ndipo ninapomweka kwanza mtu ambaye hata hakuwa mpiga roki.

Riley B. King, ambaye dunia ilimwita B.B., alizaliwa Mississippi mwaka 1925 kwa wazazi waliolima mashamba ya watu wengine. Alikuwa akisema wazi kwamba hakujaliwa ustadi wa kubonyeza noti nyingi kwa mkupuo mmoja. Alipoimba, gitaa lilinyamaza. Gitaa liliposema, yeye alinyamaza, kama kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake, isipokuwa kwamba waitikiaji wote walikuwa ndani ya mti mmoja. Kidole chake cha mkono wa kushoto kiliukandamiza uzi, na kiganja kizima kikatikisika kama bawa la kipepeo, na noti ile moja ikatetemeka kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha. Gitaa lake lilikuwa na jina. Mwaka 1949, katika kijiji cha Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini alimokuwa anatumbuiza, wakaliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa ili kupasha joto. King alikimbia nje pamoja na watu, kisha akarudi katikati ya moto kulifuata gitaa. Kesho yake akaambiwa kwamba waliopigana walikuwa wanamgombea mwanamke aitwaye Lucille. Tangu hapo kila gitaa lake liliitwa Lucille, na Lucille mmojawapo alifika Kinshasa mwezi Septemba mwaka 1974, katika tamasha lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Nimemtanguliza King kwa sababu karibu kila mpiga gitaa wa roki wa Uingereza wa miaka ya 1960 alikuwa mwanafunzi wake au mwanafunzi wa wenzake, na mwanafunzi maarufu kuliko wote ni Eric Clapton.

Clapton alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Ripley, Surrey, akalelewa na bibi yake huku akiamini kwamba huyo ndiye mama yake na kwamba mama yake mzazi ni dada yake. Katika ujana wake alijifungia na santuri za Wamarekani weusi, akazirudia na kuzirudia hadi vidole vyake vikazikariri. Mwaka 1965 alijitoa katika bendi ya The Yardbirds ilipokuwa inaanza kupata umaarufu, kwa kuwa aliona inaiacha bluzi na kufuata nyimbo za soko. Alikuwa na miaka 19. Kijana wa umri huo kuukataa umaarufu kwa ajili ya muziki wa watu maskini wa nchi nyingine si jambo dogo, na ninaliandika kwa heshima, maana nitakayoyasema baadaye hayatakuwa na heshima hiyo.

Mwaka 1966 alirekodi albamu na kundi la John Mayall. Alichukua gitaa zito la Gibson Les Paul, akaliunganisha na amplifaya ya Marshall, akashikilia kwamba apige kwa sauti ya juu ileile ya jukwaani, jambo ambalo mafundi wa studio hawakulizoea. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, yenye ukwaruzo kidogo pembeni, inayodumu hewani kama sauti ya muimbaji mwenye pumzi. Mtu fulani akaandika ukutani London kwamba Clapton ni Mungu.

Tukimsikiliza kwa utulivu tutaona kwamba Clapton hupiga kama wakili hodari anavyozungumza. Kila kifungu kina mwanzo, kina kituo, na kina hitimisho linalomrudisha msikilizaji mahali alipotarajia kurudishwa. Anapouvuta uzi ili noti ipande, hupanda hadi pale panapostahili, haipungui wala haizidi. Huacha nafasi. Nyakati za bendi ya Cream alikuwa akizungusha kitufe cha gitaa hadi ukali wote wa sauti ukaondoka, likabaki gitaa linalolia kwa mviringo, bila makali. Katika wimbo Crossroads, uliorekodiwa jukwaani San Francisco mwaka 1968, aliuchukua wimbo ambao Robert Johnson aliurekodi peke yake na gitaa lisilo la umeme mwaka 1936, akaugeuza kuwa gari-moshi la watu watatu. Hakuna noti iliyopotea njia humo. Katika ushairi wetu tunamtofautisha malenga na mghani: malenga hutunga, mghani huipa tungo sauti, naye akiwa mghani mzuri unaweza kusahau kwamba maneno si yake. Clapton, hata anapotunga, kwa mkono ni mghani. Amekabidhiwa matini, anaihifadhi, anaisoma kwa adabu.

Sasa tumtazame Hendrix.

Alizaliwa Seattle mwaka 1942. Alijiunga na jeshi la Marekani, kikosi cha askari wa miavuli, akaachishwa mwaka 1962. Kisha akaingia barabarani kama mpiga gitaa wa kuajiriwa, nyuma ya Little Richard, nyuma ya Isley Brothers, nyuma ya wengine wengi, katika kumbi za weusi ambako hadhira haikuwa na subira na mpigaji mbovu. Alitumia mkono wa kushoto. Alilichukua gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya. Kwa hiyo aliyebonyeza nyuzi alikuwa mkono wake wa kulia, nao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kidole gumba kilipita juu ya shingo ya gitaa kikashika noti za besi, na vidole vinne vikabaki huru kupamba mahadhi.

Tuliokulia katika muziki wa dansi tunaweza kuielewa siri yake upesi kuliko wengine. Katika bendi zetu kuna mtu wa solo na kuna mtu wa rhythm, na kila mmoja anajua mipaka ya shamba lake. Hendrix alifanya kazi za watu hao wawili kwa mkono mmoja. Msikilize anapoimba: chini ya sauti yake kuna rhythm, ndani ya rhythm kuna vipande vidogo vya solo vinavyochomoza na kuzama, na huwezi kusema kimoja kimekoma wapi na kingine kimeanzia wapi. Wengine husifu zaidi solo zake ndefu. Mimi naona ukubwa wake uko hapa, katika sehemu ambazo msikilizaji wa kawaida anadhani gitaa linamsindikiza muimbaji tu.

Halafu kuna suala la kelele, lile lililomuudhi mwenzangu. Sote tumehudhuria harusi ambayo kipaza sauti kimesogea karibu na spika kikapiga ukelele, watu wakaziba masikio na fundi mitambo akakimbia. Ukelele huo unatokea kwa sababu sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye kipaza sauti, inatoka ikiwa kubwa zaidi, na kadhalika bila mwisho. Gitaa la umeme lina ugonjwa huohuo. Mafundi waliukwepa, wapigaji wachache wa London walianza kuuchezea, Hendrix aliufuga. Alisimama mbele ya spika, akalielekeza gitaa huku na huku, akabonyeza kile kipande cha chuma kinacholegeza nyuzi, na ukelele ule ukapanda, ukashuka, ukageuka kilio, ukageuka king'ora.

Septemba mwaka 1966 aliletwa London na Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, Cream walikuwa wanatumbuiza katika chuo kimoja cha Regent Street. Hendrix akaomba kupanda jukwaani kupiga nao wimbo mmoja. Alichagua Killing Floor wa Howlin' Wolf, akaupiga kwa mwendo wa kasi ambao wenyeji wake hawakuutarajia. Clapton aliacha kupiga, akateremka jukwaani. Tukio hilo husimuliwa kama ndondi, kwamba bingwa aliangushwa. Nadhani lilikuwa jambo zito kuliko hilo. Mtu aliyeisoma bluzi kwa miaka akiwa Surrey, kwa uchaji, kama maandiko, alikutana na mtu ambaye kwake bluzi ilikuwa nyumbani. Nyumbani mtu husogeza viti.

Hapa lazima niweke onyo, kwa kuwa usemi huu hupotoshwa haraka. Kuna mahodari wa uandishi wa muziki waliotueleza kwamba Hendrix alipiga kwa damu na Clapton kwa akili. Huo ni ubaguzi uliovaa nguo za sifa. Hakuna noti ndani ya damu ya mtu. Hendrix alikuwa mwanafunzi mkaidi wa chombo chake. Alilala nalo gitaa, alifanya kazi miaka kadhaa kwa ujira mdogo, na studioni alirudia kipande kimoja hadi wenzake wakachoka. Kumwita mtoto wa maumbile ni kumnyang'anya kazi yake, kama ambavyo tumezoea kusifiwa midundo tukanyimwa elimu.

Siku niliyoona mkono wake umefanya jambo ambalo maneno yangekwama ni pale nilipotazama filamu ya Woodstock. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, uwanja umejaa matope na takataka. Hendrix akaanza wimbo wa taifa la Marekani, peke yake, ngoma zikigongagonga nyuma yake. Mahadhi yanaanza sawa, mazito, karibu ya ibada. Yanapofika mahali ambapo maneno ya wimbo yanataja roketi na mabomu, gitaa linaacha kuimba na kuwa roketi na mabomu. Tunasikia kitu kinaanguka kutoka angani, tunasikia kinapasuka, tunasikia watu. Kisha analirudia lahani pale alipoliachia, kwa usahihi kamili, na baadaye anaingiza mlio wa tarumbeta unaopigwa katika mazishi ya askari. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, naye alikuwa askari wa zamani. Alipohojiwa kwenye televisheni iwapo alikusudia ukaidi, alijibu kwamba yeye aliona ni mzuri. Ninaamini jibu hilo. Mtu aliyetaka kuudhihaki wimbo asingeupiga kwa uangalifu ule. Aliupiga wimbo wa nchi yake pamoja na yale ambayo nchi yake ilikuwa inayafanya wakati huo, akauacha ulimwengu uvisikie kwa pamoja.

Wako wengine ambao haki inanidai niwataje, ingawa kwa kifupi. Jimmy Page wa Led Zeppelin alikuwa mjenzi. Jukwaani mkono wake uliteleza mara kwa mara, lakini studioni alipanga gitaa juu ya gitaa kama fundi mwashi. Jeff Beck, aliyefariki mwaka 2023, kwangu ndiye aliyelifikisha gitaa karibu kabisa na koo la binadamu: aliacha kutumia kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, akapiga kwa kidole gumba huku kidole cha mwisho kikizungusha kitufe cha sauti, noti ikaingia bila mlango kusikika. David Gilmour ana subira ambayo wanasiasa wetu wangemuonea wivu. Tony Iommi wa Birmingham alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti nzito iliyotokana na hayo ikawa msingi wa aina nzima ya muziki. Naye Brian May wa Queen, kundi ambalo muimbaji wake alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, alilichonga gitaa lake yeye na baba yake, shingo wakiitoa katika mbao za jiko la zamani la kuotea moto, na huchapa nyuzi kwa sarafu. May alipata shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga mwaka 2007. Ninamwomba mwenzangu wa idara jirani alizingatie hilo.

Narudi kwa Clapton, kwa kuwa yeye ndiye anayeninyima usingizi.

Tarehe 5 Agosti 1976, katika ukumbi wa Odeon mjini Birmingham, akiwa amelewa, aliacha kupiga akaanza kuhutubia. Aliuliza kama kuna wageni ukumbini. Akawataka watu wamuunge mkono Enoch Powell, mwanasiasa ambaye miaka minane kabla, katika mji huohuo wa Birmingham, alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza juu ya wahamiaji weusi na wa Asia. Akasema Uingereza isigeuzwe koloni la watu weusi, na mengine ambayo sitayaandika. Miaka miwili tu kabla ya usiku huo, wimbo wake uliofika nafasi ya kwanza Marekani ulikuwa I Shot the Sheriff, uliotungwa na Bob Marley.

Nilizisoma habari hizo kwa ukamilifu nikiwa Uingereza, nikiandika tasnifu yangu, na zilinikuta katika hali ambayo sina budi kuieleza. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja mjane, fundi mstaafu, ambaye sebule yake ilijaa santuri za bluzi kutoka sakafuni hadi darini. Ninachokijua juu ya muziki huu, kwa sehemu kubwa, nilikipata kwake. Jumapili jioni alinitengenezea chai, akaweka santuri, akaniuliza: huyu ni nani? Alinifundisha kumtofautisha Albert King na B.B. King kwa noti tatu. Alilia, kwa machozi, aliponisikilizisha Howlin' Wolf. Jioni moja ya Januari taarifa ya habari ilikuwa inazungumzia wahamiaji. Mzee akasema nchi imejaa, warudishwe walikotoka, wote. Kisha akanitazama, akaona ni nani ameshika kikombe mbele yake, akaongeza: "Sikusemi wewe." Akainuka, akageuza santuri upande wa pili. Ilikuwa ya Muddy Waters.

Sikugombana naye. Kodi ya chumba nilikuwa nimekwisha kuilipa, na baridi ya Januari ya kaskazini mwa Uingereza hairuhusu mtu kuhama kwa hasira. Lakini nililala nikijiuliza swali ambalo hadi leo nalifundisha darasani: inawezekanaje mtu alie kwa sauti ya mtu mweusi, alie kikweli, halafu asitake jirani mweusi?

Baadhi ya wanafunzi wangu hunijibu kwamba kilio kile kilikuwa cha uongo, na kwamba hata katika upigaji wa Clapton, ukisikiliza vizuri, ubaguzi unasikika. Ningependa wawe sahihi, maana ingekuwa rahisi. Hausikiki. Nimeirudia Crossroads mara zisizo na idadi, na mkono ule una upendo na unyenyekevu mtupu. Hilo ndilo linalotisha. Tumezoea kuamini, hasa sisi wa fani za sanaa, kwamba mtu akizama katika sanaa ya watu wengine ataishia kuwaheshimu wenye sanaa. Tunaandika hivyo katika maombi ya fedha za tamasha, tunaandika hivyo katika mitaala. Birmingham inatuonyesha kwamba mtu anaweza kuupenda urithi na kuwafukuza warithi. Robert Johnson alikufa mwaka 1938. Marehemu haombi viza, hatafuti nyumba ya kupanga mtaani kwako, mtoto wake hasomi na mtoto wako. Matini iliyohifadhiwa kwa adabu haibishani na msomaji wake. Aliyebisha ni Hendrix, aliyepanda jukwaani akiwa hai.

Hendrix naye alikuwa mhamiaji London. Aliishi Brook Street, ukuta kwa ukuta na nyumba aliyoishi Handel, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kuwa fahari ya muziki wake. Powell alipotoa hotuba yake mwaka 1968 hakuwa anamfikiria Handel.

Waingereza wengine walijibu vizuri kuliko ninavyoweza kujibu mimi. Baada ya maneno ya Clapton, wapiga picha na wanaharakati waliandika barua kwenye magazeti ya muziki wakimkumbusha kwamba muziki wake ni wa watu weusi, na kutokana na barua hiyo likazaliwa vuguvugu la Rock Against Racism, lililokusanya maelfu ya vijana katika bustani ya Victoria, London, tarehe 30 Aprili 1978. Clapton mwenyewe aliendelea kutoa maelezo yasiyoridhisha kwa miaka mingi, na uzeeni akasema anaona aibu. B.B. King hakumfungia mlango. Mwaka 2000 walitoa albamu pamoja. Huo ulikuwa ukarimu wa King, na ukarimu wa mdai hauthibitishi kwamba mdaiwa amelipa.

Na deni hapa si neno la mafumbo. Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi wa Chicago, ilimbidi awashitaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa maneno ya Whole Lotta Love, wimbo wa mwaka 1969, ndipo wakapatana naye na jina lake likaandikwa. Rosetta Tharpe, mwanamke aliyekuwa akilicharaza gitaa la umeme katika nyimbo za kanisani kabla wengi wa mashujaa hawa hawajazaliwa, alifariki mwaka 1973, na kaburi lake Philadelphia likakaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Orodha ya wapiga gitaa bora isiyoanzia hapo ni orodha ya wapangaji iliyomsahau mwenye nyumba.

Je, nimeacha kumsikiliza Clapton? Sijaacha. Wenzangu wawili wameacha na ninawaelewa. Mimi humsikiliza nikiwa nimeketi wima zaidi, na darasani simchezi kabla sijamcheza aliyemkopa. Wanafunzi hunung'unika kwamba santuri za mwaka 1936 zina mikwaruzo. Huwaambia wavumilie dakika tatu.

Anayetaka kuwalinganisha hawa wawili bila maneno yangu autafute wimbo Little Wing. Hendrix aliutoa Desemba mwaka 1967. Hauzidi dakika mbili na nusu; gitaa linapita katika spika inayozunguka, sauti inayumba kama taa ndani ya maji, rhythm na solo zimefumwa pamoja hadi hazifumuki, na solo ya mwisho inapoanza kunoga, wimbo unafifia, tunaachwa mlangoni. Clapton aliurekodi upya mwezi Septemba mwaka 1970, akiwa na Duane Allman. Toleo lake ni refu zaidi ya mara mbili, la mwendo wa polepole, lenye lahani kubwa la ufunguzi linalorudi kama kiitikio, magitaa mawili yakipanda pamoja. Kila kilichokuwa kimefichwa katika wimbo wa Hendrix yeye amekitoa nje, akakipanga juani. Hendrix alikuwa London siku hizo. Clapton amesimulia kwamba alikuwa amemnunulia gitaa la Stratocaster la mkono wa kushoto, akatarajia kumpa katika onyesho moja, wakapishana. Tarehe 18 Septemba Hendrix alifariki, akiwa na miaka 27, kabla albamu yenye wimbo huo haijatoka. Sikilizeni kwanza la mwaka 1967, mara mbili, kisha hilo la pili.